Siku Tatu Juu ya Reli Iliyong'olewa: Bourgogne kwa Baiskeli, Bila Gari

Kati ya miji midogo ya Givry na Cluny, kusini mwa Bourgogne nchini Ufaransa, palikuwa na reli. Magari na malori yalipochukua abiria na mizigo, treni zikakoma, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki. Mwaka 1997 tuta hilo la kilomita 44 likapigwa lami laini na kufunguliwa kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ndiyo inayohesabiwa kuwa voie verte ya kwanza ya Ufaransa, yaani njia ya kijani ambayo gari wala pikipiki haziruhusiwi kuingia. Leo njia za namna hiyo zimeenea nchi nzima, lakini kwa anayeanza, hii ya kwanza bado haijapata mshindani.

Sababu ni ya kiufundi. Treni haiwezi mlima mkali, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza. Wajenzi wa karne ya 19 walilazimika kukata vilima, kujaza mabonde na kuizungusha njia ili mwinuko usiishinde injini ya mvuke. Jasho lao limekuwa raha ya mpanda baiskeli wa leo, anayepita katikati ya vilima vya mizabibu bila kushuka na kusukuma. Mtoto wa miaka minane anaiweza njia hii. Anaiweza pia mtu mzima ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la saba, akitumwa dukani kwa baiskeli ya Phoenix ya baba yake, mguu mmoja umepenyezwa ndani ya fremu kwa sababu kiti hakukifikia.

Wengi wanaoulizia baiskeli Ufaransa hutajiwa kwanza mto Loire. Njia ya Loire ni ndefu, kama kilomita 900 kutoka karibu na Nevers hadi bahari ya Atlantiki, na majumba yake ya kifalme hayana mfano. Ila sehemu zake nyingi hupita barabara ndogo zinazotumiwa na magari, na mwezi wa Agosti kuna foleni za watalii. Mwenye wiki mbili na anayependa majumba aende Loire. Mwenye siku tatu na anayetaka kusikia ndege wakilia na cheni yake ikizunguka, aende Bourgogne.

Njia yenyewe

Safari nzuri huanzia Chalon-sur-Saône na kuishia Mâcon, zaidi ya kilomita 70 kwa jumla. Mpanda baiskeli wa wastani mwenye mizigo huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa, kwa hiyo mwenye haraka angeimaliza kwa siku moja. Asifanye hivyo. Siku ya kwanza alale Saint-Gengoux-le-National, ya pili Cluny, ya tatu afike Mâcon. Hakuna siku itakayozidi kilomita 35, na siku ya pili, ambayo ndiyo tajiri kuliko zote, ni kama kilomita 22 tu.

Chalon si mji wa kupitwa mbio. Hapa ndipo alipozaliwa Nicéphore Niépce, mwaka 1765, mtu aliyepata picha ya kwanza ya kamera iliyodumu hadi leo. Aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutoka dirisha la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, nje kidogo ya mji. Makumbusho yenye jina lake yapo ukingoni mwa mto Saône. Yape saa moja kabla ya kuondoka, kisha fuata vibao vyeupe na kijani vyenye alama ya baiskeli hadi Givry, kama kilomita 10.

Givry ina soko la nafaka la mviringo lililojengwa karne ya 19, na divai ambayo wenyeji husema ndiyo aliyoipenda mfalme Henri IV. Miji kadhaa ya Ufaransa hudai mapenzi ya mfalme huyo, basi msafiri asikilize kwa heshima na aendelee. Kutoka hapo stesheni za zamani zinapokezana: Buxy, halafu Saint-Gengoux. Nyingine zimegeuzwa nyumba au mikahawa, na majina yake ya vituo bado yanaonekana ukutani. Pembeni mwa njia, ng'ombe weupe wa Charolais husogea hadi kwenye uzio kumtazama mpita njia. Saint-Gengoux ilikuwa ikiitwa "le-Royal", ya mfalme. Jamhuri ikaibadilisha ikawa "le-National". Vichochoro vyake vya mawe ni vyembamba kiasi kwamba ni afadhali kuikokota baiskeli.

Siku ya pili huanza na Cormatin. Jumba la Cormatin lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, limezungukwa na handaki la maji, na nje halina makuu. Ndani ndiko kwenye mambo. Vyumba vya miaka ya 1620 vimechorwa na kupakwa dhahabu kuta zote hadi darini, pamoja na buluu iliyotokana na jiwe la lapis lazuli. Katika chumba cha Mtakatifu Cecilia macho hayana pa kupumzikia. Jumba hufungwa majira ya baridi, na ndani huingiwa kwa makundi yanayoongozwa, kwa hiyo ulizia saa ya kundi linalofuata mara tu unapofika, kisha ukae bustanini ukisubiri.

Kilomita chache mbele, juu ya kilima upande mmoja wa njia, kipo kijiji ambacho vijana wengi wa makanisa ya Afrika Mashariki wanakijua kwa jina bila kujua kilipo: Taizé. Agosti 1940, Ufaransa ikiwa imeshashindwa na Wajerumani, Mswisi mmoja wa miaka 25 aitwaye Roger Schutz alitoka Geneva kwa baiskeli akitafuta mahali pa kuanzisha maisha ya sala ya pamoja. Alinunua nyumba hapa, karibu na mstari uliozigawa sehemu mbili za nchi wakati wa vita, akawaficha wakimbizi, Wayahudi wakiwemo. Mwaka 1942 ilibidi akae Geneva, akarudi 1944. Jumuiya aliyoianzisha ina mabradha wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, na maelfu ya vijana hupiga mahema hapa kila majira ya joto. Bradha Roger aliuawa kwa kisu Agosti 16, 2005, akiwa katika sala ya jioni. Miaka mitatu baadaye mkutano mkubwa wa jumuiya hiyo ulifanyika Nairobi, na mwaka 2012 ukafanyika Kigali; nyimbo zake fupi za kurudiarudia huimbwa leo katika parokia nyingi za kwetu.

Kupanda hadi kijijini ni mwinuko mfupi unaoumiza mapaja. Kuna sala mara tatu kwa siku, na ya mchana huanza muda mfupi baada ya saa sita. Anayetaka kulala ajiandikishe mapema, kwa kuwa wageni wengi hukaa wiki nzima, Jumapili hadi Jumapili. Anayetaka kuketi tu sakafuni na kusikiliza haulizwi dini yake.

Halafu Cluny. Abasia ya hapa ilianzishwa mwaka 910, na kwa karne mbili na zaidi ilikuwa na nguvu ambayo leo ni vigumu kuifikiria: mamia ya monasteri za Ulaya zilikuwa chini yake, na papa Urbano wa Pili, aliyeitisha vita vya kwanza vya msalaba mwaka 1095, alikuwa mmonaki wake. Kanisa lake kuu lilianzwa 1088. Lilipokamilika lilikuwa na urefu wa mita 187, na hakuna kanisa la Kikristo lililolizidi mpaka kanisa la Mtakatifu Petro la Roma lilipojengwa upya. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kwa wafanyabiashara waliotaka mawe tu, na hadi 1823 walikuwa wakiyabomoa. Mawe mengine yalijenga mazizi ya farasi ya serikali ya Napoleon, yaliyopo mlango wa pili hadi leo.

Kwa hiyo mgeni anayefika akitarajia kanisa atakuta pengo. Kilichobaki ni sehemu ndogo, chini ya asilimia kumi: mkono wa kusini wa msalaba wa kanisa na mnara wake wa pembe nane. Ushauri ni huu. Usianze kwa kuingia. Anzia upande wa magharibi, kwenye vigutu vya nguzo vya ukumbi wa kuingilia, halafu ukiwa na baiskeli mkononi tembea kuelekea kwenye mnara uliobaki. Ukifika utakuwa umetembea ndani ya kanisa muda wote, na nyumba, mtaa na maduka uliyoyapita yote yamesimama palipokuwa na waumini. Baada ya hapo tiketi ya kuingia itakuwa na maana.

Kati ya Cluny na Mâcon ndipo penye kizuizi pekee cha kweli, mlima wa Bois Clair. Reli iliupenya kwa handaki la kilomita 1.6, na sasa baiskeli hupita humo. Kiangazi, baada ya jua la nje, baridi ya ndani humshika mtu kifuani. Vaa koti kabla ya kuingia, na washa taa yako hata kama za handaki zinawaka. Majira ya baridi handaki hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo, na msafiri hulazimika kuupanda mlima kwa barabara ya juu. Ulizia ofisi ya utalii ya Cluny kama handaki liko wazi kabla ya kulipia chumba cha usiku unaofuata.

Upande wa pili mandhari hubadilika: mizabibu tena, ngome ya Berzé-le-Châtel juu ya jiwe, na katika kijiji cha Berzé-la-Ville kanisa dogo la wamonaki wa Cluny lenye michoro ya ukutani ya karne ya 12. Michoro hiyo ilifunikwa kwa chokaa miaka mingi, ikagunduliwa 1887. Mbele zaidi unaonekana mwamba wa Solutré, mita 493, ambao chini yake yalipatikana marundo ya mifupa ya farasi walioliwa na wawindaji wa kale. Rais François Mitterrand alikuwa na desturi ya kuupanda kila Pentekoste, na waandishi wa habari nyuma yake.

Mâcon, mwisho wa njia, ni mji wa mshairi Alphonse de Lamartine, aliyezaliwa hapa 1790. Barabara ya kando ya mto ina jina lake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kusimama kidogo. Lamartine alikuwa katika serikali ya muda ya 1848 na ni mmoja wa waliotia saini amri ya Aprili 27 iliyokomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Katika kisiwa cha Réunion zaidi ya watu 60,000 waliachiwa huru Desemba mwaka huohuo. Wengi wa watu hao, au wazazi wao, walitokea upande wetu wa bahari: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alikuwa amefunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa. Vibao vya watalii mjini Mâcon huzungumzia zaidi mashairi.

Saa ndiyo adui

Miguu itafika. Kinachowaangusha wageni vijijini Ufaransa ni saa ya ukutani.

Duka la mkate hufunguliwa kama saa moja asubuhi. Saa sita au sita na nusu mchana linafungwa, na huenda lisifunguliwe tena mpaka saa tisa au kumi alasiri. Mgahawa hutoa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi karibu saa nane. Anayefika saa nane na robo huambiwa kwa upole kwamba jiko limefungwa, na upole huo haubadilishi jibu. Jioni hakuna sahani mezani kabla ya saa moja. Jumapili mchana maduka yamefungwa, na Jumatatu katika vijiji vingi mkate na mgahawa vyote viko likizo. Mwezi Mei una sikukuu tarehe 1 na 8, na mara nyingi Kupaa na Jumatatu ya Pentekoste huangukia humo pia. Ongeza Julai 14 na Agosti 15.

Dawa ni rahisi: chakula cha mchana kinunuliwe asubuhi, mkate ungali wa moto. Mkate mrefu, jibini la mbuzi la Mâconnais, nyanya, tunda la msimu. Mkate ufungwe juu ya mizigo kwa mpira, nao utatoka nje pande zote mbili kama mbao kwenye baiskeli ya fundi seremala. Benchi za kando ya njia ni nyingi na hazimdai mtu chochote.

Maji nayo yana siri yake, inayojulikana na kila mpanda baiskeli wa Kifaransa. Karibu kila kijiji kina makaburi, na karibu kila makaburi yana bomba, kwa kawaida karibu na lango, pamoja na ndoo za kumwagilia maua. Jaza chupa hapo, isipokuwa pameandikwa "eau non potable", maana yake si ya kunywa.

Muislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, ajihadhari na vitu vidogo kuliko vikubwa. Nyama ya nguruwe iliyoandikwa waziwazi kwenye menyu haina tatizo, unaipita. Ila "lardons" ni vipande vyake vinavyonyunyizwa kwenye saladi na ndani ya keki ya mayai, na "jambon" ni paja lake. Bourgogne pia hupika kwa divai: nyama ya ng'ombe, jogoo, hata mayai huchemshwa ndani ya mchuzi wake mwekundu. Nyama ya halali hupatikana Chalon na Mâcon. Kati ya miji hiyo miwili tegemea samaki, kimanda, jibini, na gougères, vitumbua vya jibini ambavyo mtu hawezi kula kimoja akaacha.

Na kabla ya kuomba lolote, mkate, maji au njia, salimia. Anayeingia dukani bila "bonjour" amefanya sawa na aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, na atahudumiwa hivyo.

Baiskeli, mizigo na mavazi

Kwa njia hii ya lami hakuna haja ya baiskeli ya mbio wala ya milimani. Inatosha baiskeli ya kawaida ya safari yenye gia, keria imara nyuma, na tairi za upana wa milimita 35 hivi. Chalon, Cluny na Mâcon kuna za kukodi, za kawaida na za umeme. Ya umeme si aibu. Sheria inairuhusu kwenye njia ya kijani mradi mota isaidie hadi kilomita 25 kwa saa tu, na ndiyo inayomwezesha babu kwenda sambamba na wajukuu. Anayekodi aangalie mambo matatu kabla ya kutia saini: breki zote mbili, urefu wa kiti, na aina ya vali. Vali nyembamba na vali nene kama ya gari hazitumii kichwa kimoja cha pampu, na pampu isiyoingia ni chuma tu.

Mizigo ikae kwenye mifuko miwili ya pembeni mwa keria, kamwe isikae mgongoni. Begi la mgongoni huloweka shati na kuumiza kiuno kabla ya saa nne asubuhi. Kilo 10 zinatosha. Beba tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, vipande viwili vya plastiki vya kung'olea tairi, na koti la mvua hata kama anga ni buluu. Suruali fupi ya kubana yenye sponji huwapa wengine raha. Asiyeitaka avae suruali pana na afunge mguu wa kulia usiliwe na cheni. Mama anayevaa gauni refu au baibui aombe baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni na kinga juu ya gurudumu la nyuma. Maduka mengi ya kukodi yanazo, lakini hayazitoi bila kuombwa.

Sheria ni chache. Endesha kulia. Kofia ngumu ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 12, kwa mtu mzima ni busara. Kengele na taa ni lazima. Nje ya mji usiku, au kukiwa na ukungu, lazima pia kizibao cha kung'aa. Spika za masikioni zimepigwa marufuku tangu 2015, na simu mkononi inatozwa faini ya yuro 135. Kikomo cha pombe kwa dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinamhusu mpanda baiskeli vilevile, jambo linalosahaulika kirahisi katika nchi ya kuonja divai bure. Namba ya dharura ni 112. Kila mahali njia inapokata barabara ya magari, punguza mwendo na soma kibao: mara nyingi anayetakiwa kusimama ni baiskeli.

Wakati, kitanda na treni

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yenyewe. Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, basi hakuna kukimbizana na giza. Julai na Agosti joto la mchana linaweza kuwa kali, na vitanda vinajaa. Septemba huleta mavuno ya zabibu, matrekta vijijini, na pia msimu wa uwindaji: ukiona msituni kibao chenye neno "chasse", bunduki ziko kazini, baki kwenye njia na vaa rangi ya kuonekana.

Malazi yapo ya kila kiwango, kutoka viwanja vya mahema vya halmashauri hadi vyumba katika nyumba za watu ambako kifungua kinywa huliwa pamoja na wenye nyumba. Tafuta kibandiko cha "Accueil Vélo". Nyumba yenye alama hiyo haiko zaidi ya kilomita 5 kutoka kwenye njia, na ina mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au nchi jirani anayehitaji viza ya Schengen aweke nafasi ya kila usiku mapema, kwa sababu ombi hudai kuonyesha mahali pa kulala kwa safari yote, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15.

Kutoka Paris treni za mkoa huondoka stesheni ya Bercy kwenda Dijon, na kutoka Dijon nyingine huteremka hadi Chalon na Mâcon. Hizi hubeba baiskeli nzima, nafasi ikiwepo. Epuka Ijumaa jioni. Treni za kasi za TGV zina masharti magumu zaidi: baiskeli ifunguliwe na kuwekwa mfukoni, au nafasi yake ilipiwe mapema, tena si TGV zote zenye nafasi hizo. Anayekodi baiskeli hukohuko amejiondolea nusu ya usumbufu wa safari.

Kwa mwenye wiki nzima

Aliyeonja siku tatu akataka zaidi, ahamie kaskazini kwenye mfereji wa Bourgogne. Ulifunguliwa miaka ya 1830 kuunganisha mito inayokwenda Paris na ile inayokwenda Mediterania. Una urefu wa kilomita 242, kutoka Migennes hadi Saint-Jean-de-Losne, na milango ya maji 189 ya kupandisha na kushusha boti. Njia ya kando yake, ambamo zamani watu na farasi walikokota mashua kwa kamba, sasa ni ya baiskeli. Kwenye milango hiyo kuna nyumba ndogo za walinzi, nyingine zina maua dirishani, nyingine madirisha yamepigwa mbao. Pouilly-en-Auxois, mahali pa juu kabisa, mfereji huingia chini ya kilima kwa handaki la zaidi ya kilomita 3 lisilo na njia ya miguu. Boti hupita gizani na mpanda baiskeli hupita juu mashambani. Tagi ya umeme iliyokuwa ikivuta mashua humo imehifadhiwa hapo chini ya banda lililobuniwa na msanifu wa Kijapani Shigeru Ban.

Kituo cha lazima ni Montbard. Karibu yake ipo abasia ya Fontenay, iliyoanzishwa 1118 na Bernard wa Clairvaux. Hii, tofauti na Cluny, imesimama karibu nzima hadi karakana ya chuma ya wamonaki, na tangu 1981 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mbele kidogo ni Alise-Sainte-Reine, ambako mwaka 52 kabla ya Kristo Julius Caesar aliwazingira Wagalia na kiongozi wao Vercingetorix hadi wakasalimu amri. Sehemu za njia hii ni za changarawe na udongo, na mvua ikinyesha zinateleza. Tairi ziwe pana zaidi, milimita 40 au zaidi, na ratiba ikubali kupotea siku moja.

Jambo la mwisho kwa anayemaliza Mâcon. Mji una stesheni mbili. Mâcon-Ville iko katikati, hatua chache kutoka mtoni, na ndiyo ya treni za mkoa. Mâcon-Loché TGV iko nje ya mji, kilomita kadhaa kusini-magharibi, na hapo ndipo zinaposimama treni za kasi zinazofika Paris kwa muda wa kama saa moja na nusu. Soma jina kwenye tiketi kabla ya kurudisha baiskeli ya kukodi.